Hesabuni maji ya mwezi wa kumi ndipo mhesabu ekari

Hotuba kwa wamwagiliaji wa Lower Moshi, skimu ya mpunga iliyo chini ya Mlima Kilimanjaro, iliyotolewa Chekereni. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya wasiofika, ambao wengi wao zamu yao ya maji iliangukia asubuhi ileile.

Mheshimiwa mwenyekiti, viongozi wa vijiji, wazee wangu shikamooni. Mama zangu, habari za shamba? Vijana mliosimama kule nyuma kwenye kivuli, viti vipo huku mbele, ila najua hamtakuja. Basi nitapaza sauti.

Nimeombwa nizungumzie ukarabati na upanuzi wa skimu yetu. Kabla sijasimama nimesikia watu wakinong'ona, "Huyu mzee atatuambia zinaongezwa hekta ngapi?" Naomba niseme mapema ili mtu asije akaniandama baadaye: leo siongezi hata jaluba moja la mpunga. Aliyekuja na ramani ya shamba jipya aikunje airudishe mfukoni. Ataitoa tukimaliza.

Nimefanya kazi ya mifereji tangu ujana wangu, na nimekaa kwenye vikao vingi vya upanuzi, vyetu na vya skimu za watu. Vyote huanza kwa ramani. Ramani inatandikwa mezani, mtu anachukua kalamu nyekundu, anazungushia pori lililopakana na skimu, na watu wote wanatikisa vichwa kukubali. Ardhi ipo, udongo mzuri, nguvu kazi ipo, soko la mchele lipo. Chai inaletwa. Mpaka vikombe vinaondolewa mezani hakuna aliyeuliza swali moja: hilo duara jekundu litalowa kwa maji yapi, mwezi wa kumi?

Mwezi wa kumi, ndugu zangu. Simaanishi mwezi wa tano. Mwezi wa tano mvua za masika zimejaza kila korongo, na hata mwenye shamba juu ya kichuguu ni bingwa wa umwagiliaji. Mtaalamu wa mradi akija mwezi wa tano akasimama kwenye daraja la mto Rau akaona maji yanavyonguruma, ataandika ripoti ya kukata na shoka. Hiyo ripoti ndiyo inayotuua. Mimi nataka tuambiane ya mwezi wa kumi, maji yanapokuwa ya kugombaniwa na kila mtu analala na chepe lake.

Tufanye hesabu pamoja, haina ugumu wowote. Sisi watu wa mifereji tuna kipimo cha kukadiria: lita moja kwa sekunde kwa kila hekta ya mpunga. Lita moja kila sekunde, usiku na mchana, kwa siku ni lita 86,400. Ukizimwaga juu ya hekta moja iliyosawazishwa vizuri, zinafunika ardhi kwa kina cha milimita 8 na nusu hivi. Jua linachukua sehemu yake, mpunga unakunywa, udongo unanyonya, na kesho yake shamba linadai tena. Udongo wa mfinyanzi huridhika na pungufu ya hapo, wa kichanga hautosheki. Lakini tushike lita moja.

Skimu hii ilijengwa kwa mkopo wa Japani kati ya 1984 na 1987. Ilichorwa kwa karibu hekta 2,300, na kati ya hizo hekta 1,100 ni za mpunga. Hekta 1,100 zikipandwa zote kwa wakati mmoja zinadai lita 1,100 kila sekunde. Zinadai zikiwa wapi? Zinadai shambani! Mfereji uliochoka, wenye nyufa na magugu, unaweza kupoteza nusu ya maji njiani. Kwa hiyo ili lita 1,100 zifike shambani, mabanio yetu, yale yanayochepusha maji ya mto kuingia mferejini, yaingize lita 2,200. Nawauliza: mito ya Njoro na Rau inatupa lita 2,200 mwezi wa kumi?

Mnacheka. Basi jibu mnalo, na aliyekuwa anataka kuongeza hekta amelisikia.

Sasa mtu atasema, mzee, hizo lita unazipata wapi, sisi hatuna vyombo vya kupimia. Vyombo mnavyo. Chagua kipande cha mfereji kilichonyooka, urefu wa mita 10, chomeka mti mwanzo na mwisho. Pima upana wa maji, pima kina. Tuseme upana ni mita 1 na kina ni nusu mita. Tupa gunzi la hindi katikati ya mkondo, mwenzako ashike saa ya simu. Gunzi likimaliza mita 10 kwa sekunde 25, maji yanakwenda sentimita 40 kwa sekunde. Zidisha kwa upana na kina, unapata lita 200 kwa sekunde. Ila maji ya juu hukimbia kuliko ya chini na ya pembeni, kwa hiyo punguza sehemu ya tano, zinabaki lita 160. Umemaliza. Fanya hivyo banioni, kisha shuka mpaka kwenye kigawa maji cha mwisho ufanye tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo skimu yako mpya! Maji hayo yamekwisha kuingia, yana kibali, hayagombani na mtu wa juu wala wa chini, yanaishia tu kwenye nyufa. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Tuna mbachao, umetoboka, na tunahangaika na msala.

Niweke neno moja hapa kwa ajili ya wahandisi waliopo, maana nawaona wanaandika. Si kila tone linalovuja limepotea. Mfereji wa udongo unapovuja, kuna kisima cha mtu kinajaa, kuna migomba ya mtu inanawiri pembeni. Ukisakafia mfereji wote kwa zege bila kuwauliza hao, umehamisha maji kutoka kwa mtu asiyekaa kikaoni. Kabla ya kumwaga zege, tembeeni kando ya mfereji muulize nani anategemea huo uvujaji. Pengine tutaamua kusakafia kilomita za juu zilizopita kwenye kichanga na kuacha nyingine. Kazi ya usanifu ndiyo hiyo.

Nije kwenye hadithi yetu wenyewe, ambayo vijana hamkusimuliwa, na wazee tunaisimulia nusu.

Kabla ya skimu, mpunga katika eneo hili ulikuwa unatoa kama tani 2 kwa hekta. Ilipokuja mifereji ya zege, mashamba yakasawazishwa, mbegu za mpunga mfupi ziitwazo IR zikaletwa, miche ikapandwa kwa mistari, mbolea ikapatikana, mavuno yakapanda mpaka zaidi ya tani 6. Tani 6! Watu walitoka mbali kuja kuangalia. Waliojenga nyumba za bati kwa mpunga tunawajua, na baadhi yao wako hapa wamekaa mstari wa mbele kabisa.

Sasa niambieni, mtu anayeishi juu ya banio lako, anayepita na baiskeli yake kila siku akakuona unavuna tani 6, naye ana shamba, na mto unapita mlangoni kwake, atafanya nini? Atakupigia makofi? Naye alipanda mpunga. Jirani yake akapanda. Mabonde yaliyokuwa ya mahindi na migomba huko juu yakageuka majaluba, kwa ujuzi uleule na mbegu ileile iliyotoka hapa kwetu. Na maji, kwa kuwa yanatoka mlimani, yalifika kwao kwanza.

Mafanikio yetu ndiyo yaliyotupunguzia maji. Ule mpango wa kulima hekta 1,100 misimu miwili kwa mwaka haukusimama. Vitalu vya mkiani, yaani mashamba ya mwisho wa mfereji, vilianza kukauka vikiwa bado vipya, saruji yake bado nyeupe. Na sisi tulifanya nini? Tulipandisha watu usiku wakabomoe vizuizi vya mawe na magunia ya mchanga. Asubuhi vikawa vimejengwa tena. Tukabomoa. Vikajengwa. Wengine walifikishana polisi, wengine waliozeana watoto na bado hawasalimiani.

Je, wale watu wa juu walikuwa wezi? Muda mrefu tuliwaita hivyo. Lakini kumbukeni mlima huu una mifongo, mifereji ya asili ya mababu, iliyokuwepo kabla ya serikali yoyote ya kikoloni. Wazungu wa kwanza walioandika habari za Kilimanjaro katika karne ya 19 waliikuta, imetandazwa kwenye miteremko kwa ufundi uliowashangaza. Mtu ambaye babu yake alichimba mfongo hakuelewa kwa nini karatasi iliyosainiwa mjini imgeuze mwizi wa maji ya babu yake. Na mchoro wa skimu yetu ulianzia wapi? Ulianzia banioni. Juu ya banio, karatasi ilikuwa nyeupe. Watu wote walioishi kwenye weupe ule hawakuwa sehemu ya mradi, na mtu ambaye si sehemu ya mradi hana sababu ya kuulinda.

Kwa hiyo ombi langu kwa timu itakayofanya upembuzi yakinifu ni hili. Ramani yenu ianze kwenye chemchemi. Wamwagiliaji wa juu waitwe sasa, wakati mpango bado ni penseli. Kama kuna fedha ya kusakafia mfereji, sehemu yake ikasakafie mfongo wa mtu wa juu, ili achukue maji machache apate mavuno yaleyale, yanayobaki yashuke. Kuna watakaosema huko ni kuwazawadia waliotuonea. Mimi nasema gharama hiyo ni ndogo kuliko ya kujenga banio jipya litakalosimama mahali pakavu.

Na tusijisahau. Sisi nasi ni watu wa juu wa mtu mwingine. Maji yanayotuponyoka hapa yanaelekea bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako kuna wavuvi, na yakitoka hapo yanazungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya Pangani Mpya, yenye megawati 68, iliyoanza kazi 1995. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 imepanga foleni: maji ya kunywa na ya nyumbani kwanza, kisha ya kuutunza mto wenyewe usife, ndipo sisi wengine wote tufuate. Mji wa Moshi unakua, na chemchemi ni zilezile. Ukiongeza hekta 500 leo, usidhani Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani itakuongezea kibali kwa kuwa una ramani nzuri. Kupanua shamba bila kuongeza maji ni kukaribisha wageni zaidi kwenye sinia lilelile la ubwabwa.

Naona mtu ananyoosha mkono. Najua anachotaka kusema: bwawa. Mzee, tujengewe bwawa.

Haya, twendeni Mwea. Wale waliopata bahati ya ziara wanaifahamu. Ni skimu ya mpunga ya Kenya, iko Kirinyaga, chini ya Mlima Kenya, inapata maji ya mito ya Nyamindi na Thiba, na mchele wake wa pishori unasifika Afrika Mashariki nzima. Ilianza 1954, mikono iliyochimba mifereji ile ikiwa ya watu waliowekwa kizuizini na Waingereza wakati wa vita vya Mau Mau. Mwaka 1966 ikawa chini ya Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji ya Kenya.

Wenzetu wa Mwea walililia bwawa miaka mingi, na wakalipata. Mkopo wa Japani ulisainiwa 2010. Bwawa la Thiba lilizinduliwa 2022. Hesabuni miaka. Mtoto aliyezaliwa wakati wa kusaini alikuwa anakaribia kumaliza shule ya msingi. Nayataja haya kwa sababu kila kikao nasikia mtu akisema mifereji isikarabatiwe, "tusubiri mradi mkubwa." Miaka 12 ya kusubiri na mfereji unaovuja! Hapana.

Halafu tulipime bwawa lenyewe. Linabeba mita za ujazo milioni 15.6. Masikioni ni bahari. Lakini rudini kwenye lita yetu moja kwa hekta, ambayo ni mita za ujazo 86 na kidogo kwa siku. Chukueni hekta 10,000, ambazo haziko mbali na ukubwa wa Mwea. Lile bwawa likijaa pomoni, na mto usilete hata tone, linalisha eneo hilo kwa siku 18. Siku 18! Sisemi ni bwawa baya. Ni bwawa zuri sana, kwa sababu siku 18 zikigawanywa kidogokidogo wakati mto umepungua zinaziba pengo lote na zinaokoa msimu. Kazi ya bwawa ni kuziba pengo. Mto ukishaliwa wote huko juu, bwawa litahifadhi nini? Kwa hiyo tukiomba bwawa, na mimi naunga mkono tuombe, tuombe tukijua ukubwa wa pengo letu kwa namba. Gunzi na saa ya simu vitatuambia.

Lakini kilichonivutia zaidi Mwea si bwawa. Ni mgogoro wa 1998.

Kwa zaidi ya miaka 30 mkulima wa Mwea alikuwa mpangaji. Shamba ni la bodi, ratiba ya bodi, mbegu ya bodi, na mpunga wote anauzia bodi kwa bei ya bodi, akibakiza magunia ya kula nyumbani. Mwaka 1998 wakulima wakasema imetosha. Wakakataa kupeleka mpunga, wakachukua skimu mikononi mwao kupitia ushirika wao. Kulikuwa na vurugu, na yalikuwa makubwa. Moyoni mwangu niliwashangilia, na bado nawaheshimu.

Basi mpunga ukawa wao, pesa ikawa yao. Na mfereji mkuu? Hapo ndipo kasoro ilipokuwa. Mfereji mkuu hauna mpunga juu yake. Hauuziki. Tope likajaa, mitaro ya kutolea maji ikaota magugu, barabara za mashambani zikaharibika. Pembezoni wakajitokeza wakulima wapya waliojifungulia majaluba nje ya skimu, wakaitwa "jua kali", wakivuta maji bila kuwa kwenye ratiba ya mtu yeyote. Ilipofika 2003 wakulima na bodi wakakaa mezani upya na kugawana kazi: bodi ishike mabanio na mifereji mikuu, wakulima kupitia umoja wao wa watumia maji washike mifereji midogo na zamu, na kila ekari ilipie matunzo.

Angalieni walichogawana. Waligawana kazi ya kila mtu kwa kila geti. Nani anafungua, nani anafunga, nani anafukua, nani analipa. Skimu yetu ikikarabatiwa, hilo jedwali ndilo nataka kuliona kwanza, kabla ya kuona picha ya zege. Tume ya Taifa ya Umwagiliaji ipo kwa mujibu wa sheria ya 2013, na sheria hiyohiyo imeweka mfuko wa umwagiliaji. Sawa. Lakini geti la kitalu chako, lililokula kutu, ambalo usukani wake uling'olewa ukauzwa chuma chakavu, liko chini ya nani? Nani hapa ana jibu? Mwenyekiti ananiangalia, katibu anamwangalia mwenyekiti. Tukipewa geti jipya kesho, usukani wake utauzwa keshokutwa.

Niguse Tana kidogo, hukohuko Kenya, maana kuna vijana wameniletea wazo la pampu. Kule Hola kulikuwa na skimu iliyokuwa ikivuta maji ya mto Tana. Mwaka 1989 mto ukahama mkondo. Ulihama tu, kama mito ya bondeni inavyofanya, ukaliacha banio halina mto. Skimu ikafa miaka mingi. Jirani yake ni Bura, iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa mpango wa hekta 6,700, zikalimwa kama 2,500. Ilikuwa ipate maji ya mserereko, gharama zikabana, zikafungwa pampu za dizeli ziwe za muda. Mnajua "ya muda" ya serikali inavyodumu. Zikawa ndizo skimu yenyewe, na kila dizeli ilipokosekana au pampu ilipokufa, pamba na mahindi yalikauka yakiangalia mto. Wanangu, siwakatazi pampu. Pampu ndogo ya sola kwa bustani ya nyanya ni jambo la akili. Lakini kuweka mpunga wa kijiji kizima juu ya pampu, wakati sisi tumejaliwa maji yanayoteremka yenyewe kutoka mlimani, leteni kwanza hesabu ya nani atalipa umeme wa mwezi wa kumi.

Nakaribia mwisho, ila kuna mtu mmoja lazima nimseme.

Kuna mama ana shamba mkiani mwa mfereji, simtaji, hakuniruhusu. Zamu yake huangukia usiku wa manane. Anatoka na tochi, kanga kichwani, jembe begani, anafuata mfereji kwenda juu kuangalia kama maji yameachiwa. Anakuta mabonge ya udongo na majani yamezibwa kwenye mlango wa jaluba la jirani. Anazibua. Anashuka haraka kuyawahi. Anapofika kwake maji yameshafika kidogo, halafu yanakoma, kwa sababu mwingine ameziba tena huko juu. Huyo mama ukimwambia habari za kilimo shadidi atakusikiliza kwa adabu. Mche mmoja mmoja, mdogo, wa siku 8 mpaka 12, nafasi ya sentimita 25 kwa 25, shamba lilowe kisha likauke mpaka lianze kuchanika, ndipo ulilowe tena. Yote hayo anayajua, KATC, kituo cha mafunzo ya kilimo, wameyafundisha hapahapa Chekereni, na yanapunguza maji kweli. Lakini atalikausha vipi shamba lake, wakati hana hakika kama zamu ijayo itamfikia? Akipata maji leo atajaza jaluba mpaka yafurike kwenye tuta. Si uchoyo. Ni woga. Na wewe wa juu unayejaza hujazi kwa uchoyo pia, unajaza kwa woga huohuo.

Zamu ya kuaminika inaokoa maji kuliko zege. Nasema hivi nikiwa mtu niliyemwaga zege maisha yangu yote. Ratiba ibandikwe, mgawa maji alipwe posho inayomtosha asiuze zamu, na anayeziba usiku atozwe faini bila kuangaliwa ni mjomba wa nani. Mifongo ya mababu ilidumu kwa sheria hiyo. Siku ya kusafisha mfongo kila ukoo ulitoka, na asiyetoka alilipa, au alikosa maji. Hapakuwa na semina.

Na kwenye upanuzi, kipimo changu ni huyo mama. Shamba lake la mkiani likipata maji mwezi wa kumi, misimu miwili mfululizo, kwa zamu ya mchana, nitakuwa wa kwanza kushika kalamu nyekundu. Nitazungushia hekta mpya mimi mwenyewe. Kabla ya hapo, kila hekta mnayoongeza mnaikata kwake.

Sasa kazi. Sikuja kuhutubia ili tukapige picha. Nimemwomba mwenyekiti, amekubali. Jumamosi tunapima. Watu wa Mabogini tukutane banioni saa moja asubuhi, kabla mtu hajafungua geti lolote pembeni. Wa Rau ya Kati tutafika kwenu saa tatu. Kila kitalu kilete vijana wawili wanaojua kuandika na mtu mzima mmoja anayejua mfereji umetobolewa wapi, na asione haya kutuonyesha hata kama aliyetoboa ni yeye. Tutapima tena kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi mpaka mwezi wa kumi upite, na namba zitabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya skimu. Viongozi wa mifongo ya juu tumewaalika kwa barua. Wawili wamejibu kwamba watakuja, wa tatu amesema anataka kwanza aombwe radhi kwa magunia yake ya mchanga. Tutalizungumza.

Magunzi nitaleta mimi. Ninyi njooni na mabuti, chepe, na simu yenye chaji. Ahsanteni.